Jumba la Jiji la Hamburg: Ukipata Nafasi, Anzia Uani

Jumba la Jiji la Hamburg halikujengwa na mfalme, na mwenyeji yeyote utakayesimama naye mbele ya mlango wake mkubwa hatakuacha uende zako kabla hajakuambia hivyo. Lilijengwa na wafanyabiashara. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1886, jumba likazinduliwa Oktoba 1897, na katika miaka hiyo wenye meli, wenye maghala na wenye benki wa mji ule waliridhia kutumia takriban mark za dhahabu milioni 11 kwa ajili ya nyumba ambayo hakuna hata mmoja wao angelala ndani yake. Mnara una urefu wa mita 112, upande wa mbele una upana wa mita 111, na mzigo wote huo umekalia nguzo zipatazo 4,000 za mti wa mwaloni zilizopigiliwa ardhini, kwa kuwa udongo wa pale ni tepetepe. Vyumba ni 647. Inasimuliwa kwamba kimojawapo, kilichomo mnarani, kiligunduliwa kwa bahati mwaka 1971, mtu alipokuwa akitafuta waraka ulioangukia nyuma ya kabati la majalada. Kabati la majalada kumeza waraka ni jambo tunalolijua vizuri katika ofisi zetu, lakini kumeza chumba kizima, hapo Wajerumani wametupita.

Nililizuru nikiwa pamoja na shemeji yangu, mzaliwa wa Unguja kama mimi, ambaye ameishi mtaa wa Altona muda mrefu kiasi cha kuanza kusema "sisi" anapozungumzia mvua na kodi za nyumba. Ukumbi wa mapokezi huingiwa na yeyote bila malipo, ila vyumba vya juu huonekana kwa tiketi na kwa kuongozwa, na siku yenye hafla ya serikali ziara husitishwa. Hilo lenyewe lilinipendeza. Majumba mengi ya kihistoria Ulaya yamebaki kuwa makumbusho, yenye kamba nyekundu na viti visivyokaliwa, lakini hili bado ni ofisi: Hamburg ni jiji na wakati huohuo ni mojawapo ya majimbo ya Ujerumani, hivyo chini ya paa hilohilo la shaba iliyogeuka kijani wanakaa Seneti, ambayo ndiyo serikali, na bunge la jiji, kila mmoja upande wake.

Ukiwa bado nje utashangazwa na sanamu 20 za wafalme wa iliyokuwa Dola Takatifu la Kirumi, dola ya zamani iliyotawala nchi za Wajerumani, zilizopangwa ukutani katikati ya madirisha. Jamhuri inayojigamba kwamba haina mfalme inawekaje wafalme 20 kwenye uso wake? Mwongozaji wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya ualimu, alieleza kwamba dola ile ndiyo iliyoutambua mji na haki zake, kwa hiyo ni adabu kuikumbuka. Maelezo hayo ni sahihi, lakini mimi nadhani kuna na kejeli kidogo ndani yake, maana wafalme wamebaki nje kwenye baridi na wenye mji wamekaa ndani. Juu ya lango kuna maandishi ya Kilatini yanayowataka wa kizazi kijacho wajitahidi kuulinda kwa heshima uhuru ambao wazee wao waliupata. Lango lote limejaa majivuno ya aina hiyo, nami siwalaumu sana, kwa sababu mji huo ulikwisha kukaa bila jumba kwa miaka 55.

Mwezi Mei 1842 moto ulizuka katika mtaa wa Deichstraße na kuuteketeza mji kwa siku kadhaa. Watu 51 walikufa na wengine wapatao 20,000 walibaki bila makazi. Jumba la zamani halikuungua. Wenyeji walililipua kwa baruti, wakitumaini kwamba pengo lile lingeukatisha moto njia. Halikuukatisha. Seneti ikahamia katika nyumba ya kulelea yatima, makazi ya muda, na muda huo ukavutika hadi mwaka 1897, kwa sababu ushindani wa michoro uliitishwa, fedha zikabishaniwa, mipango ikawekwa kando na kufufuliwa, mpaka kundi la wasanifu majengo saba, wakiongozwa na Martin Haller, lilipopewa kazi. Anayedhani miradi ya serikali huchelewa kwetu tu na apige hesabu hiyo.

Labda ni kumbukumbu ya makazi yale ya muda, labda ni sadfa tu, lakini chumba kilichonishika kuliko vyote vya ghorofani ni kile kiitwacho Chumba cha Yatima. Ni kidogo ukilinganisha na jirani zake, hakina dhahabu, na kutoka chini hadi juu kuta zake ni mbao zilizochongwa nakshi. Watoto yatima wapatao 80 walifanya kazi ile kwa muda wa miaka mitano. Kwa mtu aliyekulia Mji Mkongwe, akiipita milango ya kuchongwa kila siku bila kuitazama, nakshi ni kitu anachokisoma kwa vidole kabla ya macho, na kama isingekuwa marufuku kugusa ningegusa. Nilichoweza ni kuinama. Mikato yake ni ya patasi ndogo, imerudiwarudiwa kwa mpangilio wa maua na majani, na ukitazama kwa karibu utaona kwamba majani mawili yanayopaswa kufanana hayafanani: moja limekatwa kwa mkono ulioshiba uzoefu, jirani yake kwa mkono uliokuwa bado unajifunza. Mwongozaji alisema watoto wale walipata ujuzi wa kazi. Sina shaka walipata. Ila katika jumba ambalo kila mchoraji wa dari anatajwa kwa jina lake, watoto hawa wanatajwa kwa idadi tu.

Chini, katika ukumbi wa mapokezi, majina hayana upungufu. Nguzo 16 za jiwe la mchanga zinabeba dari, na juu yake zimewekwa picha za kuchonga za watu mashuhuri 68 wa Hamburg. Nilimtafuta Heinrich Hertz, mwanafizikia aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1857 na kuthibitisha kuwapo kwa mawimbi ya sumakuumeme, yule ambaye jina lake husikika kila redio inapotangaza masafa yake. Wanazi waliiondoa picha yake kwa sababu ukoo wa baba yake ulikuwa wa asili ya Kiyahudi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mlutheri na alikwisha kufa tangu mwaka 1894. Vita vilipokwisha ilirudishwa. Ni kipande kidogo cha jiwe, kimekaa juu ya kimo cha macho, na watu wengi wanapita wakielekea chooni.

Upande wa Seneti kuna ngazi, na ngazi hiyo ina desturi yake. Meya wa Kwanza, yaani mkuu wa Seneti, hashuki kumpokea mgeni; husimama juu na kumsubiri apande, awe nani awe nani. Raia wa Hamburg, wasema, hampigii mtu magoti. Wazo hilohilo limechorwa, au tuseme limefutwa, katika Ukumbi Mkuu wa Sherehe, wenye urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, ambao kuta zake zimefunikwa kwa michoro mitano mikubwa ya Hugo Vogel iliyokamilika mwaka 1909. Michoro inaanza na nchi tupu isiyo na binadamu na inaishia kwenye bandari yenye moshi wa meli. Katika ule unaoonyesha kuingia kwa Ukristo, yupo askofu aliyenyoosha mikono kubariki, na mbele yake, kwa mujibu wa waongozaji wa jumba hilo, palikuwa na kijana aliyepiga magoti. Wazee wa mji hawakuridhika, kijana akapakwa rangi na kupotea. Askofu amebaki akibariki hewa. Nikakaa nikimtazama muda mrefu kuliko nilivyotazama mataa makubwa yanayoning'inia darini, ambayo ndiyo yanayopigwa picha na kila mtu. Humo ndimo inamofanyika kila mwaka karamu ya Mtakatifu Mathiya, ambayo asili yake ni mwaka 1356, na ambayo mji huwaalika wawakilishi wa nchi unazozihesabu kuwa rafiki.

Vyumba vingine nitavipita haraka. Ukumbi wa Kaizari umeitwa hivyo kwa heshima ya Wilhelm wa Pili, aliyekaribishwa humo mwaka 1895 wakati wa kufunguliwa kwa mfereji wa Kiel, jumba lenyewe likiwa halijazinduliwa. Ukumbi wa Jamhuri una michoro ya Athens, Roma, Venice na Amsterdam, kwa maana kwamba Hamburg ni wa tano katika safu hiyo. Chumba cha Phoenix, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni, kinakumbusha moto wa 1842. Vyote ni vizuri, vyote vinachosha kidogo.

Chumba cha Seneti ndicho kilichotufanya mimi na shemeji tutazamane. Hakina madirisha. Mwanga huingia kutoka darini kupitia paa la kioo, kwa kufuata, tuliambiwa, desturi ya kale ya Wajerumani ya kufanya mashauri chini ya mbingu wazi. Viti vya maseneta vimepangwa kuzunguka meza, na viti vya mameya vina kipaa juu yake. Nilitazama viti vile nikimtafuta mtu mmoja.

William Henry O'Swald alizaliwa mwaka 1832 katika ukoo wa wafanyabiashara wa Hamburg. Kampuni ya ukoo wake ilifungua nyumba ya biashara Unguja mwaka 1849, na faida yake kubwa ya mwanzo ilitokana na simbi, yaani magamba ya kauri. Simbi ziliokotwa katika pwani yetu, zikapakiwa melini na kuzungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha halali ya sokoni. Huko zikabadilishwa kwa mafuta ya mawese, na mawese yakapelekwa Hamburg. Zilipelekwa kwa wingi kiasi kwamba thamani yake katika masoko yale iliporomoka, na waliokuwa wameziweka akiba wakajikuta na magunia ya magamba. Baadaye zikaja pembe, karafuu, ufuta, ngozi na sandarusi. Mwaka 1859 O'Swald, akiwa bado kijana, ndiye aliyetia saini, kwa niaba ya miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck, mkataba wa biashara na Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar. Miaka kumi baadaye alikuwa seneta, akabaki seneta hadi mwaka 1912, na katika kipindi hicho aliwahi pia kuwa Meya wa Pili. Kwa hiyo Seneti ilipohamia katika chumba kile chenye paa la kioo, mmoja wa waliokaa mezani alikuwa mtu aliyekwisha kukaa barazani kwa Sultani wa Zanzibar.

Mwaka wenyewe wa kuhamia una la kusema. Aprili 1897 ndipo ilipotangazwa Unguja amri ya kuiondolea sheria hali ya utumwa, na Oktoba ya mwaka huo ndipo jumba hili lilipozinduliwa. Mashamba ya karafuu yaliyojaza maghala kwa miongo yote iliyotangulia yalilimwa na kuchumwa na watumwa. Sidai kwamba jumba limejengwa kwa karafuu; Hamburg ilifanya biashara na dunia nzima, na Amerika ya Kusini peke yake iliipatia zaidi ya tulivyoipatia sisi. Ninalosema ni kwamba uhuru unaosifiwa kwa Kilatini juu ya lango ulikuwa na wenzi wake wa kibiashara ambao hawakuwa huru, na ziara nzima haikuwa na neno juu yao. Nilimuuliza mwongozaji kama humo ndani kuna mahali panapoitaja Zanzibar. Alifikiri, akasema jina la O'Swald analifahamu kutokana na gati la bandarini, O'Swaldkai, ambako hadi leo meli hupakia magari. Alisema pia, kwa uungwana ambao niliushukuru, kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa na atalisomea.

Tukashuka uani.

Jumba la Jiji limeunganishwa kwa nyuma na jengo la Soko la Hisa, ambalo lilinusurika moto wa 1842, na katikati ya majengo hayo mawili umebaki uwanja uliozungukwa na kuta pande zote. Katikati ya uwanja ipo chemchemi, na juu ya chemchemi amesimama Hygieia, mungu-mke wa afya wa Wayunani, akiwa na bakuli la maji mkononi na joka chini ya miguu yake. Watalii hukaa ukingoni wakila mikate. Joka ni kipindupindu.

Agosti 1892, wakati mafundi wakiendelea kupandisha kuta za jumba, ugonjwa uliingia mjini na ndani ya wiki chache ukaua watu zaidi ya 8,600. Hamburg ilikuwa ikichota maji yake mto Elbe na kuyapeleka kwenye mabomba bila kuyachuja. Jambo la mtambo wa kuchuja lilikuwa limejadiliwa kwa miaka mingi. Wenye nyumba, ambao ndio waliokuwa na kura na viti, hawakupenda gharama. Wagonjwa wa kwanza walipoonekana, viongozi walisita kutangaza, kwa maana tangazo la kipindupindu ni karantini, na karantini ni meli kusimama. Wakati huo Altona ulikuwa mji mwingine, chini ya Prussia, na ulichota maji ya mto uleule, tena chini zaidi, yakiwa yamekwisha kupokea uchafu wa Hamburg. Ila Altona uliyachuja kwa mchanga. Mpakani mwa miji hiyo miwili palikuwa na mitaa ambayo upande mmoja watu walikufa na upande wa pili walisalimika. Shemeji, kwa ukaazi wake wa Altona, aliipokea habari hiyo kama sifa yake binafsi.

Robert Koch, daktari Mjerumani mtaalamu wa vijidudu, aliyetumwa kutoka Berlin kuongoza mapambano, alitembea katika vichochoro vilivyobanana vya makuli wa bandari na inasemekana alitamka kwamba alisahau kama yuko Ulaya. Maneno hayo hunukuliwa sana, na kila yanaponukuliwa huwa yanadhaniwa kuwa lawama kwa Hamburg. Kwetu sisi yana upande mwingine, kwa kuwa yanadokeza mahali ambapo bwana huyo aliona hali ile ni ya kawaida. Unguja ilikwisha kupigwa vibaya na kipindupindu mwaka 1869 na 1870, ugonjwa ukiwa umepitia njia za misafara na majahazi, yaani njia za biashara, kama ulivyopitia Hamburg. Koch mwenyewe alikuja kufanya kazi katika ardhi yetu baadaye, juu ya malaria na malale, na mambo aliyowafanyia wagonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria yanahitaji makala nyingine yenye hasira zaidi ya hii.

Kilichonigusa ni uamuzi wa kuliweka jambo lile pale. Uwanja ule ungeweza kuwekewa sanamu ya biashara, na nimesoma kwamba fikra ya kwanza ilikuwa hiyohiyo, au ungewekewa mfalme wa ishirini na moja. Badala yake waliweka kumbukumbu ya kushindwa kwao. Wapo wanaosema joka lililokanyagwa ni ushindi, wala si kukiri kosa; mtambo wa kuchuja maji ulikuwa umekwisha kufunguliwa mwaka 1893, na walikuwa na haki ya kujipongeza. Inawezekana. Lakini kila seneta aliyepita uani kutoka chumba cha mashauri kwenda Soko la Hisa alipita mbele ya maji yale, na wengi wao walikuwapo mwaka 1892. Nyumba ya Kiswahili humkaribisha mgeni barazani na kumficha ua, kwa kuwa uani ndiko kunakofuliwa na kunakosemwa ya kweli. Nalo jumba hili, pamoja na mapambo yake yote, limejengwa vivyo hivyo.

Baada ya maafa yale ada ya kununua haki ya uraia, ambayo ndiyo iliyomfanya kuli asiwe na kura, iliondolewa mwaka 1896. Hata hivyo ilibidi kusubiri hadi Machi 1919 ndipo wanaume na wanawake wote wenye umri wa kupiga kura walipochagua bunge la jiji kwa usawa. Ukumbi wa bunge hilo hauna urembo mwingi, jambo ambalo kwangu lilikuwa nafuu. Wajumbe wake kwa desturi ni watu wenye kazi zao nyingine, na vikao huanza mchana. Wananchi huruhusiwa kukaa ghorofani na kusikiliza.

Tangu mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji pacha. Sikuona alama yake jumbani, lakini ni uhusiano wenye mzunguko wa ajabu, kwa kuwa Majid bin Said aliyefanya mkataba na O'Swald ndiye huyohuyo aliyeanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Mwaka 2014 Seneti iliamua kwamba historia ya kikoloni ya jiji ifanyiwe uchunguzi, na chuo kikuu kikapewa kazi hiyo. Mambo yanayofanyika kati ya miji hii kwa jina la upacha ni ya kawaida kabisa: ziara za vijana, ushirikiano wa hospitali na zimamoto, na kiwanda cha mboji huko Kinondoni kinachopokea taka za sokoni. Nilipomtajia shemeji kiwanda hicho tukiwa tumekaa ukingoni mwa chemchemi, aliuliza kama kinafanya kazi wakati wa masika, barabara zinapokatika. Nikamwambia hilo ndilo swali la kumpelekea mbunge wa Altona, na kwa kuwa yeye analipa kodi hapa, aende ghorofani siku ya kikao akalisikilize likijibiwa.